Klamidia wa kwenye amiba, ndo hao hao wa zinaa au ni ukoo tu?

kijana_wa_maabara:
Wakuu heshima kwenu. Niko mwaka wa tatu maikrobayolojia na nimepewa projekti ya amiba, vile viumbe vya seli moja, wa kwenye matanki ya maji, sasa katika kusoma nakutana na watu wanaandika klamidia wanaishi ndani ya amiba, nikashtuka maana mi klamidia naijua ya zinaa na ile ya trakoma, vikope. Hosteli yetu tanki liko juu ya paa halijafunguliwa miaka. Je ni bakteria huyo huyo? Na anamfanya nini amiba, anamuua au wanaishi tu? Naombeni kwa lugha nyepesi, msinitupie mapepa ya kurasa 20.

Chuma_Ulete:
Kumbe unaweza kurudi nyumbani na klamidia ukasema nimeitoa kwenye tanki la hosteli 😂😂 wadau tumepata utetezi

mama_petri:
Chuma acha utani, na huo utetezi haushiki, kipimo cha hospitali kinatafuta Chlamydia trachomatis yenyewe, hawa wa kwenye amiba hakiwaoni kabisa.

Mdogo wangu, ni ukoo mmoja ila nyumba tofauti. Wote hawazaliani nje ya seli ya mwenzao, na wote wana maumbo mawili: kidogo kigumu cha kusafiria, na kikubwa laini kinachogawanyika kikishaingia ndani na kujifungia kwenye kifuko chake. Nishati wananyonya kwa mwenyeji, wana protini kwenye utando wao inayoingiza ATP (nishati ya seli) na kutoa ADP (iliyotumika), mpangaji anayekula jikoni kwa mwenye nyumba. Tofauti ni mizigo. Mwaka 2004 kundi la Vienna, kina Matthias Horn na Michael Wagner, walisoma jenomu (DNA yote) ya Protochlamydia amoebophila, wa kwenye amiba, wakakuta herufi kama milioni 2.4, wakati yule wa binadamu ana kama milioni 1 tu. Yaani huyu wetu ndo aliyepunguza, jeni nyingi kazitupa njiani kwa sababu mwili wa mtu unampa kila kitu, wa amiba bado kashikilia vya kwake.

Na msidhani wako kwenye amiba peke yao. Simkania negevensis alionekana kule Negev, Israel, kwenye seli za maabara zilizochafuka tu, taarifa ikatoka 1993, na jina lake limetolewa kwa mtafiti mwenyewe Simona Kahane, Sim na Kan. Kuna wa samaki wanaovimbisha seli za matamvua. Halafu 2020 wakawapata kwenye tope la bahari karibu na Loki's Castle, chemchemi za maji moto chini ya bahari kati ya Greenland na Norway, zaidi ya kilomita 3 chini ya maji, na dalili ya mwenyeji yeyote humo haikuonekana. Hiyo bado inaniumiza kichwa.

Kuhusu kumuua, inategemea joto! Gilbert Greub na wenzake walionyesha 2003 kwamba Parachlamydia acanthamoebae, mwingine wa kwenye amiba, kwenye nyuzi 25 mpaka 30 anakaa na amiba kwa amani, ukipandisha 32 mpaka 37 anampasua. Bakteria yule yule, amiba yule yule.

dokta_wa_mifugo:
Naongezea upande wa ng'ombe. Kuna Waddlia chondrophila, wa ukoo huo huo, alitolewa kwenye kijusi cha ng'ombe aliyetupa mimba Marekani mwaka 1986, kisha Ujerumani wakamkuta kwa ndama aliyezaliwa mfu. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia kusema Waddlia anatupisha mimba. Taratibu jamani, yule ndama wa Ujerumani alikuwa na kimelea Neospora pia, na Neospora tunajua vizuri kwamba inatupisha, sasa nani unamkamata? Kundi la Lausanne, Uswisi, nao walipima damu za akina mama London, taarifa ya 2007, wakakuta kingamwili dhidi ya Waddlia nyingi zaidi kwa waliopoteza mimba. Inatia shaka ya maana ila kingamwili inakwambia mlikutana, haikwambii nani kafanya nini. Huku kwetu ng'ombe akitupa mimba anza na brusela na homa ya Bonde la Ufa na usiguse kondo la nyuma bila glavu, Waddlia foleni yake iko nyuma.

kijana_wa_maabara:
Asanteni sana dada na dokta. Kwahiyo amiba anafaidika na chochote au ananyonywa tu? Supavaiza wangu kashasema wote ni vimelea basi

mama_petri:
Mwambie kwa heshima hapo kawahi. Wajapani wa Hokkaido walikuwa na amiba mwenye Neochlamydia ndani, naye wa ukoo huu, wakimwekea Legionella, ile ya nimonia ya kwenye mabomba, haizaliani. Wakamtoa Neochlamydia kwa antibayotiki, Legionella ikazaliana kama kawaida, ilitoka 2014. Vienna nao wakaja na jambo la kufanana 2019 kwa Protochlamydia. Kwenye maji yenye Legionella huyo mnyonyaji ni mlinzi, kwenye maji yasiyo nayo ni mzigo, ndo maana jibu moja halipo.

Projekti yako fanya hivi: chuja maji, weka kichujio juu ya aga (jeli ya kuoteshea) isiyo na chakula iliyopakwa bakteria E. coli wa kuliwa na amiba, amiba wataonekana kwa njia wanazoacha wakila. Sahani moja iwe 28, nyingine 37, usiweke zote kwenye inkubeta ya 37 kwa sababu ndo iliyopo, utawaua wenyeji halafu uandike hakuna kitu. Kutambua bakteria wa ndani utahitaji PCR, kipimo cha DNA, darubini pekee haitoshi. Na usipande kwenye hilo tanki bila barakoa, hujui kama Legionella imo.

Chuma_Ulete:
Hosteli gani hiyo nianze kuchemsha maji mapema

kijana_wa_maabara:
@Chuma sitaji 😅 Dada petri inkubeta tunayo moja tu na iko 37, nyuzi 28 nitaweka wapi?

mama_petri:
Mezani. Weka kipimajoto pembeni, andika asubuhi na jioni.