"MZEE, FUPISHA, KUKU ANAPOA": huyu kiongozi wa safari tutamvumilia mpaka lini?

Kahawa Chungu ameanzisha uzi:

Wakuu, usingizi hauji. Niko Kasese, Uganda, mikono inatetemeka kwa hasira, na mhusika yuko chumba cha pili anakoroma mpaka dari linashuka. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa kofia ya kaki, wa "mimi kama mzoefu wa milima". Nusu yenu humu mmeshampa hela zenu.

Leo katupeleka Kilembe. Msiopajua, ni mji wa mgodi wa shaba kwenye bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Rwenzori. Unapanda kutoka Kasese, bonde linazidi kubana, mara unaona nyumba za wafanyakazi zimepangwa safu kwa safu mlimani, mitambo imeota kutu, na juu yako milima tupu. Shaba ilianza kutoka 1956, mgodi ukiwa chini ya Wakanada. Miaka ya sitini ilikuwa inafuata kahawa na pamba kwa kuiletea Uganda fedha za kigeni. Akaja Amin, serikali ikauchukua mgodi, na mwanzoni mwa miaka ya themanini kazi ikasimama kabisa. Watu hawakuondoka. Wako mle mle kwenye nyumba za kampuni, wanafua, wanapika, wanasomesha watoto.

Mimi nilifuata hao watu. Sikufuata mawe.

Mlangoni mwa handaki moja tukamkuta mzee. Alikuwa mchimbaji ujanani mwake. Tukamwamkia, akatuitikia kwa Kiswahili chenye ladha ya Kongo, akavaa helmeti yake ya zamani, akaanza. Akaeleza jinsi walivyoingia chini zamu kwa zamu. Akatuonyesha upande wa hospitali ya mgodi, akasema mto uliifuata Mei 2013, ukairudia tena Mei 2020. Watu wote kimya. Kuna dada katika msafara wetu machozi yalikuwa yanamlenga. Mzee akashusha sauti, akasema: "Siku ile tulipoambiwa tusirudi tena kazini, mimi..."

"MZEE, FUPISHA, KUKU ANAPOA."

Wakuu! KUKU! Kasese kuna joto la kuivisha kuku mara ya pili akiwa sahanini, huyo kuku angepoaje? Angepoa kwa barafu ya Rwenzori?

Mzee akanyamaza. Akavua helmeti, akaipangusa kwa kiganja, akasema "haya, nendeni mkale wanangu". Alituita wanangu! Mtu kakatishwa maisha yake katikati ya sentensi, na bado anatuombea tushibe! Na huyu bwana keshatangulia kwenye gari, amening'inia mlangoni kama konda, anapiga makofi "tupande, tupande".

"Mimi" nini? Siku ile yeye alifanya nini? Alilia? Alirudi kwao? Aligoma kutoka shimoni? Sitajua, kwa sababu ya paja la kuku. Kuku mwenyewe tumefika hajachinjwa!

Nasema tena: MZEE, FUPISHA. Kwa mtu wa umri wa baba yake. Huyu hafai kuongoza hata msafara wa kwenda dukani.

Mtu wa Pembeni: Mkuu pole. Swali moja tu kabla hatujaendelea: kuku wa kienyeji au wa kisasa?

Jongoo Mweusi: Hahaha "kwa barafu ya Rwenzori". Lala mkuu, kesho utaamka umesahau.

Bibi wa Soni: Asisahau! Huyo bwana namjua vizuri. Lushoto, pale Irente, tumekaa juu ya jabali tunasubiri jua lizame, yeye yuko kwenye gari anapiga honi. Jua lenyewe lilizama kwa haraka kwa kumwogopa. Halafu njiani akatusimamisha saa nzima anajinunulia matunda. Kwa nini yeye ana saa nzima na wazee wa watu hawana dakika tano?

Mtu wa Pembeni: Bibi, matunda gani? Nataka tujue uzito wa kesi.

Mwana wa Reli: Mimi niko Mombasa, na mnanisikitisha. Mnalilia kuku wakati pana kubwa zaidi la kulilia. Reli ilifika Kasese 1956 kwa ajili ya huo mgodi. Shaba ikapelekwa kwa reli hadi Jinja, ikayeyushwa huko kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha ikateremka mpaka bandari ya Kilindini. Yaani jasho la huyo mzee lilipita mbele ya mlango wetu. Sasa nendeni muitafute treni ya kuwafikisha Kasese. Hamtaiona. Fungueni uzi wa hilo, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Kahawa Chungu: Mwana wa Reli, asante, lakini hayo ndiyo mzee alikuwa anatueleza! Alikuwa ameshataja Jinja. Alikuwa ameshataja umeme wa mto Mubuku uliokuwa ukiendesha mgodi. Alikuwa anakwenda vizuri, hatua kwa hatua, mpaka alipofika kwenye "mimi". Ndipo likaja lile neno. Mtu haropoki "fupisha" mzee anapofika kwenye "mimi"!

Jongoo Mweusi: Labda alitaka kusema "mimi pia nina njaa".

Kahawa Chungu: Jongoo, kama huna adabu kaa kimya.

Mlimani Kwetu: Habari za usiku ndugu zangu. Mimi ni mwenyeji, Mkonzo kwa kabila, nimekulia Kilembe. Mgeni aliyekaa kumsikiliza mzee wetu, tunamshukuru. Lakini msimwandame huyo wa kofia peke yake. Wageni karibu wote wanapita kwetu wanakimbilia kupanda Margherita, kilele cha Rwenzori, mita 5,109. Wakishuka wanapiga picha na viatu vyao vya matope, wanaondoka. Hakuna anayeuliza mbona mto unakula nyumba zetu, wala mabaki ya mgodi yaliyorundikwa kandokando yanakwenda wapi mvua ikinyesha. Yanaingia mtoni, na mto huo ndio tunautumia. Mwaka 2013 wakaja Wachina na mkataba wa miaka 25, tukaambiwa ajira zinarudi. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Wazee wetu wamezoea kukatishwa.

Bibi wa Soni: Mlimani Kwetu umenigusa. Poleni sana mwanangu.

Mtu wa Pembeni: Hapo kweli. Nimeacha utani.

Dhahabu ya Lupa: Wakuu, Uganda ya nini wakati Chunya ipo? Panda kutoka Mbeya, vuka milima, teremka, unaikuta. Wakati wa Mwingereza miaka ya thelathini watu walifurika huko kutafuta dhahabu ya Lupa. Na wazee wapo, na hakuna wa kuwaambia wafupishe. Shida ni usafiri tu. Mimi wiki iliyopita nimesimamishwa njiani kuchimba dawa, konda anasema "dakika tatu". Mama mtu mzima ndiyo kwanza anaingia kichakani, basi hilo linaondoka! Tumepiga kelele mpaka sauti zimekauka ndiyo likasimama.

Jongoo Mweusi: Dakika tatu bado ni nyingi. Sisi njia ya Singida konda alihesabu kwa sauti, "kumi, tisa, nane..."

Bibi wa Soni: Nyie mmesimamishwa! Sisi dereva alisema "anayebanwa abane, tukifika Korogwe". Nina kisukari mimi! Nilimwambia dereva, nikilowesha hiki kiti utakifua wewe mwenyewe. Akasimama.

Mtu wa Pembeni: Bibi wa Soni apewe uenyekiti wa abiria wote nchini.

Kahawa Chungu: Wakuu, turudi kwenye mada. Kesho asubuhi kabla gari halijaondoka nachukua bodaboda, narudi Kilembe kumtafuta mzee. Mlimani Kwetu, wewe unatoka pale, naomba unielekeze nyumba yake. Na huyu bwana akithubutu kusema nisichelewe...

Mlimani Kwetu: Karibu sana. Fika Kyanjuki, uliza kijana yeyote, watakupeleka. Usiende mikono mitupu, beba sukari.

Dhahabu ya Lupa: Halafu zile hoteli mabasi yanakosimama, nani anapanga bei? Chipsi zimelala tangu juzi, yai bichi, na unaambiwa "kula haraka basi linaondoka".

Jongoo Mweusi: Usinikumbushe hayo mayai. Na supu ya maji ya moto na kipande kimoja cha mfupa.

Mwana wa Reli: Ndiyo maana nasema treni. Kwenye treni unakula umekaa.

Bibi wa Soni: Treni gani, baba? Ile tuliyokwama nayo porini usiku kucha?

Mwana wa Reli: Bibi, hiyo ilikuwa ya kwenu. Msiichanganye na yetu.

Jongoo Mweusi: Eheee, sasa imekuwa Kenya na Tanzania. Ngoja nikachukue kiti.

Mtu wa Pembeni: Samahani, Dhahabu ya Lupa, Chunya kuna gesti yenye maji ya moto? Nina safari mwisho wa mwezi.

Dhahabu ya Lupa: Zipo. Njoo pembeni nikuelekeze. Ila basi la alfajiri usipande, konda ni yule yule.