Mjadala: Kangomba ihalalishwe au iendelee kusakwa?

MLETA MADA (Mtwara mjini)
Wadau, kwenye semina ya watahiniwa wa uzamivu wa uchumi jumla na fedha kuna kijana alitibua ukumbi. Mada yake ilihusu namna riba ya Benki Kuu inavyomfikia mkopaji. Tangu Januari 2024 BoT (Benki Kuu ya Tanzania) inaendesha sera ya fedha kwa riba: ilianzia asilimia 5.5, Aprili ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Akauliza, hiyo robo asilimia iliyopungua inamfikiaje mkulima wa korosho wa Tandahimba anayeishi kwa kangomba, yaani kuuza korosho mapema nje ya mfumo?

Haimfikii. Msimamo wangu: kangomba iruhusiwe, isajiliwe, iandikwe.

Kwa wageni wa Kusini: kangomba ni kuuza korosho nje ya mfumo, mara nyingi zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, ili upate hela leo. Ni marufuku. Korosho inatakiwa ipitie chama cha msingi, ghala, kisha mnada. Hesabu ya mfano tu: Machi unapewa 1,000 kwa kilo, Novemba kilo hiyohiyo ingekulipa 2,400 baada ya makato. Umeacha 1,400 juu ya kila 1,000 ndani ya miezi minane. Na bado watu wanapanga foleni, kwa sababu Machi mahindi bado shambani na mtoto anaumwa.

KARANI WA AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika (Newala)
Ndugu yangu, unataka tuuhalalishe wizi. Umewahi kuona wanavyopima? Mizani hakuna. Ni bakuli, linajazwa mpaka linapata kichwa, mnunuzi analitikisa korosho zikae, halafu anaongeza konzi mbili juu. Hiyo ndiyo "kilo" yake. Ukiruhusu, ghalani ataleta nani?

MTAHINIWA
Naona nimetajwa, naomba nijitetee. Tunaiita mkopo, lakini deni lenyewe ni la kilo, si la shilingi. Bei ikianguka anaumia mwenye hela. Kumbukeni msimu wa 2018/19: bei za wanunuzi zilikuwa chini, Novemba Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue kwa 3,300, jeshi likasomba mzigo, ukafuata uhakiki wa mashamba. Wanunuzi wa kangomba, waliokuwa na magunia bila shamba la kuonyesha, walikwama. Hatari hiyo, na ya ugonjwa wa mikorosho wa ubwiri unga, na ya kukamatwa, mnunuzi anazikata zote kwenye ile 1,000. Ukiondoa ya kukamatwa, bei ya mkulima inapanda.

SHEMEJI WA LINDI
Ipande kwa ushindani gani? Kwetu wanunuzi wa kangomba ni wawili, na ni mtu na mdogo wake.

USTADHI (Mikindani)
Assalaam alaykum. Kulipia mazao kabla hayajavunwa si jambo geni, kwenye fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, lipo na linaitwa salam. Ila lina masharti: hela yote itolewe papo hapo, kipimo kijulikane, sifa ya bidhaa itajwe, siku ya kukabidhi iwekwe. Bakuli la kutikisa halipiti hapo. Kwa hiyo Karani ana haki kwenye kipimo, na Mtahiniwa ana haki kwenye mkataba.

MLETA MADA
Ustadhi umenisaidia. Karani, nijibu na hili. Sheria ya stakabadhi ghalani ni ya 2005, na stakabadhi, ile karatasi inayothibitisha mzigo uko ghalani, inaweza kuwekwa dhamana benki. Lakini inapatikana korosho zikishafika ghalani, na njaa ni ya Februari na Machi! Tena inaandikwa kwa jina la chama, mkulima anabaki na karatasi ya mapokezi. Julai 2021 BoT ilitenga shilingi trilioni 1 za kukopesha benki ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Nzuri sana. Mwenye ekari tatu za mikorosho ya urithi, bila hati, anaingia mlango gani?

MAMA WA NANYAMBA
Wanangu, mnazunguka. Mimi sishabikii kangomba wala mnada. Chama kinipe hela Februari, kinikate Novemba. Basi. Niliomba, nikaambiwa niandike barua.

KARANI WA AMCOS
Mama, shikamoo. Shida si barua. Tukikukopesha wewe, na jirani yako akakopa kwetu kisha usiku akampelekea mtu wa kangomba, Novemba hatuna cha kumkata, na deni la benki linabaki la chama kizima. Wewe uliyeleta mzigo ndiye utakayelipa.

MLETA MADA
Hapo ndipo nilipotaka ufike, Karani. Huyo jirani anakopa mara mbili kwa sababu deni la kangomba halionekani popote. Anayenunua mapema asajiliwe, atumie mizani, na kila mkataba uingie kwenye daftari lilelile la chama. Ukifungua jina la mtu unaona kilo ngapi zimeshauzwa, ngapi zimebaki. Hapo hata benki ina cha kusoma.

SHEMEJI WA LINDI
Na daftari analishika nani? Karani?