Naomba ushauri: ami anataka mwanangu apunguze sindano za insulini, anywe maziwa

BintiWete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza, yuko skuli ya msingi, na hupigwa insulini kila siku. Ami yake karudi kutoka Unguja na video kwenye simu: wataalamu wamepata ng'ombe mwenye insulini ya binadamu ndani ya maziwa. Kuna mtu anauza maziwa ya unga, anadai ndiyo hayo. Ami anataka tuyanunue, sindano tuzipunguze, na anasema insulini ya sindano ni ya nguruwe. Moyo wangu umekataa, lakini tangu mume wangu afariki ami ndiye anayetutazama, sitaki kumvunjia heshima. Habari hii ni kweli? Nimwambieje?

NesiChake:
Waalaykum salaam dada. Usipunguze hata sindano moja, nakuomba sana. Kongosho la mtoto huyo halitengenezi insulini. Akiikosa, mwili huanza kuunguza mafuta na damu hujaa asidi. Ukiona kiu kali, anakojoa mno, anatapika, anavuta pumzi nzito yenye harufu kama ya matunda, mkimbize spitali saa ile ile, usiku usingoje asubuhi.

Halafu insulini ni protini. Ikinywewa, tumbo huisaga kama linavyosaga yai. Ndiyo maana hupigwa sindano. Hata maziwa hayo yangekuwa ya kweli, kuyanywa kusingemfaa kitu, na maziwa yenyewe yana sukari yake, yatampandisha.

MfugajiDole:
Ng'ombe yupo, ami hakudanganya hapo. Habari ilitoka mwaka 2024, kazi ya wataalamu wa Illinois, Marekani, na São Paulo, Brazil. Walitia jeni ya binadamu kwenye viinitete 10 vya ng'ombe, akazaliwa ndama mmoja tu mwenye jeni hiyo. Alipokua hakushika mimba, ikabidi apewe homoni ndipo atoe maziwa, nayo yakawa machache. Ndani yake ilionekana insulini kweli. Lakini huyo ni ng'ombe wa majaribio, hana maziwa ya kujaza makopo.

Argentina walitangulia: kampuni ya Bio Sidus ilipata ng'ombe wenye homoni ya ukuaji ya binadamu kwenye maziwa, na mwaka 2007 ikatangaza ndama wenye jeni ya insulini. Dawa ya kwanza ya maziwa kufika hospitalini ilikuwa ya protini nyingine, ya kuzuia damu kuganda, kutoka kwa mbuzi: Ulaya iliikubali mwaka 2006, Marekani mwaka 2009. Nayo, ndugu zangu, haikunywewa! Walikamua, wakaitenga protini, wakaisafisha, mgonjwa akaipata kwa mshipa. Titi la mnyama ni kiwanda tu. Anayeuza unga huo anacheza na roho ya mtoto. Mkilipata kopo lake, lipelekeni ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, walitazame.

AbuuMkoani:
Hilo la nguruwe lina asili yake. Tangu 1922 insulini ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Lakini mwaka 1982 ilianza kuuzwa insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria waliotiwa jeni ya binadamu, na nyingine hutengenezwa kwa hamira. Mwoneshe ami boksi la dawa ya mtoto, amsikie na mfamasia. Akibaki na shaka ya dini, nendeni pamoja Ofisi ya Mufti. Usibishane naye mbele za watu. Mwombe akusindikize kliniki, daktari amweleze yeye kama mzee wa nyumba.

BintiWete:
Mungu awalipe. Nimemwomba, kakubali kuja kliniki. Ya nguruwe imemwingia alipoona boksi. Ya maziwa bado ananuna, anasema tumpe kidogo tu pembeni ya sindano.

NesiChake:
Hata kidogo, dada. Unga usiojulikana una nini utakuvurugia vipimo, hutajua sukari imepanda kwa chakula au kwa kopo. Mwambie ami pesa hizo anunue vijiti vya kupimia sukari; hivyo mtoto anavihitaji kweli. Umeme ukikatika unaihifadhi wapi dawa?

BintiWete:
Kwa jirani mwenye friji, na wakati mwingine naweka barafu.

NesiChake:
Barafu isiguse chupa, na dawa ikiganda itupe. Ile unayoitumia iweke ndani ya chungu kidogo cha udongo, nacho ukiweke ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini. Ziada ibaki kwa jirani, mlango wa friji, mbali na sehemu ya kugandisha.