Majirani wa Bel-Air, Lubumbashi: MBA pamoja na kazi na watoto

Bijou: Jambo yenu wote. Nauliza kuhusu MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) ya kusomea kwenye intaneti, chuo cha Ufaransa, kredi 60 kwa miezi 18. Kazi ni 7h30 mpaka 16h30, na nyumbani kuna watoto wawili. Inawezekana kweli?

Yaya Solange: Inawezekana, mdogo wangu, lakini hesabu saa kabla ya kuhesabu feza. Kredi moja ni saa 25 mpaka 30 za kazi, yaani darasa, kusoma na mazoezi yote pamoja. Kredi 60 ni saa 1500 kwa uchache. Miezi 18 ni wiki 78. Toa 8 za magonjwa, matanga na sikukuu, zinabaki 70. Hapo ni saa 21 kila wiki, nyingi mno kwa mama mwenye kazi. Waulize kama wanakubali miezi 24. Ukitoa wiki 10 hivi, inashuka mpaka saa 16.

Bijou: Hizo 16 zitatoka wapi, yaya?

Yaya Solange: Madarasa matatu ya jioni, kila moja la muda wa saa mbili: 6. Asubuhi 4h30 mpaka 5h30, siku tano: 5. Jumamosi 8h00 mpaka 13h00: 5. Zimetimia, na Jumapili haijaguswa. Iache hivyo hivyo. Anayeanza kuila Jumapili mwezi wa kwanza, mitihani ikifika hana tena pa kukopa saa.

Papa Héritier: Naongeza: ratiba ibandikwe ukutani na jina la mtu mbele ya kila saa. Nani anapika Jumatano, nani anasimamia mazoezi ya watoto. Mkiishia kusema "tutasaidiana" tu, inavunjika haraka, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake ameshafanya.

Papa Trésor: Kwa kuwa chuo ni cha Ufaransa, angalia saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Paris na ya Lubumbashi ni sawasawa. Baada ya hapo wao wanarudi nyuma saa moja: darasa lao la 19h00 kwetu linakuwa 20h00. Hata mtihani unafunguka na kufungwa kwa saa ya Paris. Na anayechukua masomo ya Kinshasa, sisi tuko mbele yao saa moja mwaka mzima.

Mama Divine: Na mega (data za intaneti) jamani! Darasa la video linaweza kula giga nzima kwa saa moja, hata zaidi. Kuzima kamera yako peke yake hakutoshi, kwa sababu kinachokula sana ni picha za wengine zinazoingia kwako. Tafuta kwenye mipangilio pa kuzuia video zinazoingia. Sauti tupu inakula mega 30 hadi 40 hivi kwa saa. Umeme nao, usingoje ukatike: modemu ndogo inakaa kwenye pawabanki, kompyuta iwe imejaa kabla ya saa kumi na moja jioni.

Bijou: Asanti mama. Na somo gani linawaangusha watu?

Yaya Solange: Fedha. Wengi wanajua hesabu za kuandika daftari, lakini thamani ya pesa kwa wakati inawashinda. Jifunze kabla ya kuanza: dola 1000 za mwaka ujao, kwa riba ya 12%, leo ni 892,86. Halafu fungua Excel ya Kifaransa. Weka −10000, pesa unayotoa leo, kwenye B1, na 4000, inayoingia kila mwisho wa mwaka, kwenye B2, B3 na B4. Andika =VAN(10%;B2:B4)+B1; VAN ni thamani ya leo ya pesa zinazokuja, hapa kwa riba ya 10%. Jibu ni −52,59, kwa hiyo mradi unakula mtaji. Ukiingiza B1 ndani ya mabano utapata −47,81, na hilo ni kosa: VAN inadhani pesa ya kwanza inatoka mwisho wa mwaka wa kwanza, wakati wewe umeitoa leo.

Papa Héritier: Hapo hapo ndipo walimu wanapokata alama.

Papa Trésor: Kulipa: omba awamu, ila isiwepo hata moja inayoangukia Septemba. Huo ndio mwezi wa minervali (karo ya shule), yunifomu na madaftari ya watoto. Na kama kampuni ndiyo inayolipa, soma kifungu cha kurudisha pesa ukiacha kazi: miaka mingapi, na kama deni linapungua kila mwaka ama linabaki zima.

Mama Divine: Mwenye graduat ya zamani (diploma ya miaka mitatu ya chuo) aulize chuo kwa maandishi kama wanaikubali. Asilipe ada ya kujiandikisha kabla ya jibu.

Bijou: Na memwari, ile kazi ya utafiti ya mwisho? Nafikiria kitu cha stoki pale kazini.

Yaya Solange: Wazo zuri, utasoma kile unachokishika kila siku. Ila barua ya mkurugenzi ya kukuruhusu kutumia takwimu iwe mkononi kabla mwalimu hajapitisha mada. Kwenye kampuni za madini hasa, watu wanaandika kurasa 40 halafu wanakatazwa kutoa namba, na memwari inakufa hapo. Kwenye barua taja faili gani, za miaka ipi, na kwamba jina la kampuni halitaandikwa. Hilo la mwisho ndilo linalowafanya watie sahihi.

Bijou: Naandika barua leo usiku.

Papa Héritier: Iweke hapa kwanza kabla ya kuipeleka, tuisome.