Picha za ukungu na majibu ya kubahatisha: kambare mdogo hatambuliwi hivi!

Wakuu, imetosha sasa. Kila siku kwenye jukwaa letu la wafugaji wa samaki wa tangini picha ni ile ile: kivuli cha kahawia nyuma ya gogo, kioo kimejaa mwani, flashi imepiga katikati, halafu "huyu kambare ni gani?" Wajibuji ndio wanakera zaidi. Dakika mbili hazijapita, mmoja kashaandika "Corydoras hiyo", mwingine "pleko" (kambare anayenyonya kioo), wa tatu kabandika kadirio la programu ya simu. Hakuna aliyehesabu chochote.

Rangi ni ya mwisho kutazamwa. Kambare akishtuka hupauka, juu ya mchanga mweupe hupauka, na kinda huweza kuwa na madoa tofauti kabisa na ya mkubwa. Anza na ubavu. Ukiona safu mbili za vibamba vya mfupa, ya juu na ya chini, vimepandana kama vigae, uko kwenye ukoo wa Callichthyidae, nyumbani kwa Corydoras. Vibamba vikiwa safu kadhaa na mdomo uko chini, umbo la kikombe cha kunyonya, huyo ni Loricariidae, ukoo wa akina pleko. Ngozi tupu? Hesabu masharubu. Jozi nne, mojawapo ikitokea puani, zinakupeleka kwa akina Mystus wa Asia. Jozi tatu bila ya puani: huenda ni Pimelodus wa Amerika Kusini au Synodontis wa Afrika. Tazama ya kidevuni. Ya Synodontis yana matawi, ya Pimelodus ni nyuzi tupu.

Sasa hili la "pleko mdogo", ambalo ndilo linaloua samaki na kuwafilisi watu. Akiwa na sentimita 4, Ancistrus na Pterygoplichthys wote wanauzwa kwa jina la msafisha kioo. Ancistrus anaishia kama sentimita 12 hadi 15, Pterygoplichthys anapita 40! Hesabu miale laini (vijiti vinavyoshikilia pezi) ya pezi la mgongo, achana na mwiba wa mbele. Ikifika 9 au zaidi, mara nyingi hupita 10, ni Pterygoplichthys, na tangi la lita 60 si lake. Ikiwa 7, msikimbilie kusema Ancistrus, maana Hypostomus naye anazo 7 na hukua sana. Chungulia ncha ya pua: ya Ancistrus haina vibamba, ni ngozi laini, na dume aliyekomaa huota vinyama juu yake.

Wale Corydoras vijeba wa sentimita 2 hadi 3 wanaochanganywa kila mara: pygmaeus ana mstari mweusi kutoka puani hadi mkiani, hastatus ana doa jeusi lenye ukingo mweupe kwenye shina la mkia, habrosus ana mabaka yaliyokatikakatika. Basi. Na acheni kugombana kuhusu jina la kwanza, yaani la jenasi. Jenasi ya Corydoras iligawanywa kuwa kadhaa mwaka 2024, kwa hiyo Corydoras panda na Hoplisoma panda ni samaki mmoja.

Ukitaka kusaidiwa, usimtoe kwa wavu. Miiba ya mgongoni na kifuani hujifunga ikisimama, inanasa kwenye nyuzi, na ukivuta unachana pezi. Akishanasa, kata wavu, si samaki. Tumia kikombe angavu, mhamishie kwenye chombo chembamba chenye maji ya tangi lake lile lile, zima flashi, taa iwe juu. Piga ubavu mzima, mgongo kutoka juu, na mdomo kutoka chini akiwa amegusa kioo. Rula ibandikwe nje ya kioo, upande alioegemea. Pima kutoka ncha ya pua hadi pezi la mkia linapoanzia. Pezi la mkia halihesabiwi, ndiyo maana vipimo vyenu havilingani na vya vitabu.

Lebo ya muuzaji si ushahidi, msituletee.

Na wewe unayejibu "pleko" kila uzi: taja idadi ya miale uliyohesabu, au pita kimya.