E. M. Forster: alilisuta tabaka lake au alilibembeleza?

Wakuu, mwandishi Mwingereza E. M. Forster anasifiwa kwamba aliwaumbua Waingereza wa tabaka la kati. Mimi nabisha: aliwafinya tu.

Chukueni riwaya yake Howards End ya 1910. Leonard Bast ni karani wa bima, kipato kidogo, hamu kubwa ya vitabu. Akina dada Schlegel, wanaokula urithi, wanamshauri aache kazi kwa sababu tajiri Henry Wilcox kasema kampuni itafilisika. Anahamia benki kwa mshahara pungufu, huko nako anapunguzwa. Kampuni ile haikufilisika! Wilcox akiulizwa, anaona halimhusu. Mwishowe Bast anapigwa kwa ubapa wa upanga, kabati la vitabu linamwangukia, moyo unasimama. Margaret Schlegel anabaki mke wa Wilcox, na nyumba iitwayo Howards End anaandikishiwa yeye. Tena sura ya 6 inafungua kwa kutamka kwamba mafukara kabisa si watu wa riwaya hii.

— Mkuu, umesoma kwa hasira. Hiyo ya sura ya 6 ni kejeli. Na mbona umeruka kwamba aliyempiga Bast anafungwa, na nyumba itarithiwa na mtoto ambaye Bast alizaa na Helen Schlegel? Forster alijua anachosema. Yeye mwenyewe aliachiwa pauni 8,000 na mama mkubwa wa baba yake, hivyo alikuwa anajisuta.

— Kujisuta ukiwa na pauni 8,000 ni rahisi, ndugu yangu. Mimi naona nyote mmepita mbali na utajiri wenyewe. Wilcox anafanya biashara ya utomvu wa mpira wa Afrika Magharibi. Ofisini kwake ipo ramani ya bara letu zima, limefananishwa na nyangumi aliyewekewa alama za kukatwa mafuta. Forster aliliona hilo, akaandika sentensi moja, akarudi kwenye chai. Mgema mpira hana hata neno moja.

— Mleta mada hapa. Afadhali umesema. Wa ramani tumemsikia, sasa msinikimbilie riwaya yake nyingine, A Passage to India ya 1924. Aziz ni daktari, Fielding ni mkuu wa chuo. Anayevuta feni mahakamani kwenye kesi ya Aziz anasifiwa umbo tu, kisha kesi inaisha yeye hana habari. Anayemtetea Forster anitajie fukara mmoja aliyepewa nafasi ya kufikiri kwa kirefu kama Margaret.