Koridora yupi kwa joto la Dar: paleatus, panda au sterbai?

Kioo_Safi: Wakuu, tangi ni lita 100, lipo Dar, chumba hakina kiyoyozi. Januari hadi Machi maji yanafika nyuzi 29. Nataka kundi moja la koridora, hawa kambare wadogo wenye deraya. Kati ya hao watatu, yupi atadumu?

Sharubu: Tazama kwao ni wapi. Paleatus ni wa mto Paraná wa chini, Amerika Kusini, na mito ya Uruguay na kusini mwa Brazili, ambako msimu wa baridi ni baridi kweli. Anataka nyuzi 18 hadi 23. Ndiye aliyekusanywa na Darwin, mwanasayansi wa viumbe, katika safari ya meli Beagle, mwenzake Jenyns akamwainisha mwaka 1842. Nairobi anafaa, mara nyingi hata bila hita. Dar atateseka, maana maji ya moto hayashiki oksijeni ya kutosha. Koridora wote hupanda kumeza hewa, huivutia utumboni. Wakifululiza kupanda, hapo pana shida.

FundiChujio: Panda naye mtoe. Ni wa vijito vya bonde la mto Ucayali, Peru, maji maangavu yanayoshuka kutoka milima ya Andes. 25 ndio mwisho wake. Sterbai wa mto Guaporé, mpakani mwa Brazili na Bolivia, 28 anaimudu. Wiki za joto kali funika tangi kwa wavu badala ya kioo, elekeza feni ndogo usoni mwa maji: hushuka nyuzi 2 au 3. Barafu usitie, mshtuko wake ni mbaya kuliko joto lenyewe.

Kioo_Safi: Sterbai basi. Chini nina kokoto za ujenzi, nimeziosha vizuri.

Sharubu: Ziondoe, mkuu. Koridora huzamisha pua mchangani, hutafuna, chembe zikatokea mashavuni. Kwenye kokoto hawezi, na chakula huzama katikati kikaoza. Bakteria humla sharubu zikabaki vishina. Weka mchanga laini wa mtoni, sentimita 3, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Wa ufukweni usiuguse: una chumvi, na vipande vya makombe hupandisha ugumu wa maji.

Mto_Mweusi: Sterbai akikosekana, aeneus, koridora mwingine, ni rahisi kupatikana, ila kwa 29 simpi nafasi sawa.

FundiChujio: Chukua sita kwa pamoja. Wahamishe kwa kikombe. Miiba ya mapezi hujifunga wima ikanasa kwenye kimia. Chakula kiwe cha kuzama, ukitie taa zikishazimwa, la sivyo samaki wa juu watakimaliza. Robo ya maji kila wiki, klorini ikiwa imeshatoka.